Kodi ya miezi sita isikunyime usingizi

Wapangaji wa Dar mnaolipa miezi sita kwa mkupuo, igaweni kodi kwa wiki na muitoe siku ileile hela inapoingia. Chumba cha 150,000 kwa mwezi ni laki tisa, kwa wiki 26 inakuja kama 35,000 hivi, itupe kwenye laini ya pili ambayo hutembei nayo. Hapo salio unaloliona kwenye simu ni la kutumia kweli, kichwa hakipigi tena hesabu saa nane usiku na mwenye nyumba akipiga unapokea tu freshi. Ila laini yenye deni la Songesha, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lisipotosha, usiitumie, hela ikiingia inakatwa kwanza. Na wa bodaboda au genge wiki ni ndefu mno, wekeni buku tano kwa siku, siku ikigoma ruka, ikichangamka weka ya siku mbili, kukopa ili ujazie ndo stresi yenyewe inarudi.