Kabla Hujanunua Kitasa Kipya cha Kisanduku cha Vespa ya Zamani

Mwenye skuta ya Vespa PX ya miaka ya 1980 hapa Dar es Salaam anajua kwamba injini yake itaendelea kuwaka hata baada ya vitu vidogo vidogo kumalizika kimoja baada ya kingine, na kitasa cha kisanduku cha mbele, kile kilicho nyuma ya ngao ya miguu, huwa miongoni mwa vinavyotangulia. Vitasa vingi vya aina hii vina mwili wa aloi ya zinki, ambayo ikipigwa na hewa ya chumvi hutoa unga mweupe unaoziba njia ya ufunguo. Ndani yake mna visahani vyembamba na springi ndogo mno, na springi moja ikikatika ufunguo huzunguka nusu kisha hukwama. Hapo ndipo mtu hukimbilia dukani na kununua kitu cha kwanza anachooneshwa. Usifanye hivyo.

Kwanza hakikisha kwamba kitasa ndicho kibovu. Pengine kilicholika ni meno ya ufunguo, pengine ulimi wa nyuma, kile kipande kinachozuia mlango usifunguke, umelegea kwa sababu nati yake imeachia, au bawaba za mlango zimeshuka kiasi kwamba ulimi haukutani tena na mahali pake. Puliza vumbi, weka mafuta mepesi ya kusafishia, acha usiku kucha, kisha jaribu tena asubuhi.

Tafuta namba. Vitasa vingi vya kiwandani vilikuwa na namba iliyogongwa kwenye kichwa cha ufunguo au usoni mwa silinda ya kitasa, sehemu inayoingia ufunguo, na mchonga funguo mwenye jedwali lake anaweza kuitumia kuchonga ufunguo wenye meno ya awali. Ni jambo muhimu, kwa sababu anayenakili ufunguo uliolika hunakili na ulaji wake, na ule mpya utakusumbua kama wa zamani. Usipoiona namba, ng'oa silinda yenyewe umpelekee fundi wa funguo, ambaye akiifungua anaweza kupanga upya visahani au kuvikata kwa tupa vilingane na ufunguo ulio nao. Mara nyingi kazi hiyo ni nafuu kuliko kitasa kipya. Ifanye mapema, wakati mlango bado unafunguka, kwa maana nati inayoshikilia kitasa kwa kawaida iko upande wa ndani.

Pima kabla ya kutoka nyumbani: kipenyo cha tundu, unene wa mlango, urefu wa shingo ya kitasa, urefu wa ulimi kutoka katikati ya silinda hadi ncha, na kama ulimi ni bapa au umepinda. Angalia kama tundu ni duara kamili au lina upande ulionyooka wa kuzuia kitasa kisizunguke chenyewe. Piga picha mbele na nyuma. Kile kibovu kitie mfukoni uende nacho.

Sasa nieleze jambo lililonigharimu, na ningependa ulisome bila haraka. Kitasa changu kilipokufa niliambiwa kwamba cha asili ni ghali na kwamba kitasa cha droo ya ofisini, kinachouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, kingefanya kazi ileile. Nilikipata Kariakoo kwa shilingi elfu saba. Shingo yake ilikuwa na kipenyo cha milimita 19, kubwa kuliko tundu la mlango wangu, na fundi akalipanua kwa tupa mbele ya macho yangu huku nikimshikia kwa mkono ule mlango wa plastiki usitetereke. Nililipa, nikashukuru, nikaondoka nikiwa na furaha ya mtu aliyeokoa fedha.

Kitu ambacho sikukiangalia ni mahali ufunguo unapochomoka. Visahani vya kitasa huung'ang'ania ufunguo mpaka vipate mfereji wa kuingilia. Kitasa chenye mfereji upande mmoja hukuachia ufunguo kikiwa kimefungwa tu, ilhali chenye mifereji pande mbili hukuachia hata kikiwa wazi. Changu kilikuwa cha pande mbili. Kwa droo ya mezani hilo ni jambo jema, lakini kwa chombo kinachotikisika barabarani ni hatari, kwa kuwa mkono umezoea kuamini kwamba ufunguo ukitoka basi mlango umefungwa. Asubuhi moja nilitoka Tegeta kuelekea Mwenge, nikachomoa ufunguo kwa haraka, nikaondoka. Mlango ulishikiliwa na ubana wake tu. Sijui ni tuta lipi lililoufungua. Nilipofika na kuinama kuchukua miwani, niliukuta mlango unaning'inia kwa bawaba moja, plastiki imepasuka kuanzia palepale tundu lilipopanuliwa, na bahasha haipo.

Ndani ya bahasha hiyo mlikuwa na kadi halisi ya usajili wa Vespa, nayo ilikuwa bado kwa jina la mjomba wangu, Mungu amrehemu, aliyeniachia chombo hicho. Nilirudi njia nzima polepole nikitazama kingo za barabara, nikauliza vijana wa bodaboda kila kituo, sikuipata. Kuandikisha taarifa ya upotevu polisi kulikuwa kazi ya siku moja. Kupata kadi nyingine ya chombo ambacho mwenyewe amefariki ni safari ya aina yake: ilibidi tuitishe kikao cha ukoo, tumteue msimamizi wa mirathi, twende mahakamani akathibitishwe, ndipo tukafuate taratibu za TRA, mamlaka ya mapato. Ilichukua miezi mitano, na shangazi yangu, ambaye ni mtu mzima sana, alipanda ngazi za ofisi ambazo hakupaswa kuzipanda. Yote hayo yalianzia kwenye kitasa cha elfu saba.

Kwa hiyo, ukiwa dukani, tia ufunguo, zungusha mpaka kiwe wazi, kisha jaribu kuuchomoa. Ukichomoka, kirudishe na uombe kingine. Funga, halafu ushike ulimi kwa vidole na uutikise. Ukicheza mkononi, barabarani utacheza zaidi. Muuzaji akikuharakisha, nenda duka la pili. Na usikubali tundu lipanuliwe kabla hujamaliza kutafuta kinachoingia kama lilivyo, kwa sababu likishapanuliwa kitasa cha asili hakitakaa tena, hata ukikipata bure.

Kuhusu mahali pa kupata vya bei nafuu, kumbuka kwamba India ilizitengeneza pikipiki hizi kwa muda mrefu. Kampuni ya Bajaj iliunda Vespa kwa leseni ya Piaggio, kiwanda cha Italia chenye jina la Vespa, hadi mwaka 1971, na mwaka uliofuata ikaleta skuta yake ya Chetak, iliyofuata umbo la Vespa Sprint. LML, kampuni nyingine ya huko, nayo iliunda aina ya PX. Spea zao huwa nafuu kuliko za Italia, lakini jina kufanana si kipimo kufanana, na vipimo ulivyochukua nyumbani ndivyo vitakavyoamua. Mwenye Chetak yenye kisanduku cha ubavuni asinunue kitasa cha kisanduku cha mbele cha PX kwa kudhani vyote ni kimoja.

Ukiagiza nje, hesabu nauli na ushuru kabla ya kufurahia bei. Kitasa kimoja kinaweza kusafirishwa kwa gharama inayozidi thamani yake, hivyo jikusanyeni watu watatu au wanne mwagize pamoja. Zipo pia seti za kitasa cha usukani, cha kiti na cha kisanduku zinazotumia ufunguo mmoja. Kama viwili kati ya hivyo vinakusumbua, seti ni nafuu. Ukinunua kilichotumika, dai funguo zote na risiti, na usichukue kitasa cha usukani ambacho muuzaji hawezi kueleza kimetoka kwenye chombo gani.

Kikishafungwa, kaza tena nati baada ya wiki moja ya kuendesha. Lainisha kwa unga wa grafiti badala ya grisi, kwa sababu grisi hukusanya vumbi na kugeuka tope. Ufunguo wa akiba ukae nyumbani, na kisanduku kibebe nakala tu za nyaraka, kitambaa na plagi ya akiba. Ukipeleka Vespa kuoshwa, ziba tundu la ufunguo kwa selotepu kabla mpira wa presha haujawashwa, na ubandue selotepu hiyo wewe mwenyewe chombo kikikauka.