Jinsi ya Kupata Wateja wa Biashara Mpya ya Sola za Majumbani

Anayeanza biashara ya kufunga sola majumbani huwa na haraka ya kuchapisha kadi na kufungua ukurasa wa Facebook. Simu zinaingia kweli, ila nyingi zinauliza "sola ni bei gani?" na zikishajibiwa hazirudi. Daftari linajaa namba, fundi anazunguka mitaa kupima mapaa, na waliolipa wanahesabika kwa vidole. Mara nyingi tangazo halina kosa. Tatizo ni kwamba mwenye biashara hakuamua anamtafuta nani kabla ya kuanza kumtafuta.

Nani hasa ni mteja mtarajiwa

Mteja mtarajiwa ana mambo manne kwa pamoja: paa lake mwenyewe au ruhusa ya kuligusa, matumizi ya umeme yanayoweza kupimwa, fedha au njia ya kuzipata, na sababu ya kununua sasa hivi. Hilo la nne ndilo linalosahaulika. Sababu inaweza kuwa betri iliyokufa, jenereta inayokula mafuta kila wiki, friji mpya ya biashara, bili iliyopanda ghafla, au nyumba inayojengwa ambayo waya bado hazijapitishwa. Mtu mwenye paa zuri na fedha lakini hana sababu atakwambia "nitakutafuta", na ndiyo imetoka hiyo.

Amua pia utahudumia kundi gani kwanza, kwa sababu kila kundi linahitaji mfumo wake. Yuko asiye na umeme wa gridi kabisa. Yuko mwenye gridi inayokatika mara kwa mara, huyu anataka betri na inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli au betri uwe wa kutumika nyumbani. Na yuko mwenye gridi ya uhakika anayetaka tu kupunguza bili, ambaye mfumo usio na betri unaweza kumtosha. Ukichanganya makundi haya utaharibu jina lako mapema. Inveta ya kawaida ya kuunganishwa na gridi, isiyo na betri, hujizima gridi ikikatika hata kama jua linawaka, ili isipeleke umeme kwenye nyaya ambazo mafundi wa gridi wanazishika. Mteja aliyenunua mfumo huo akidhani atawasha taa umeme ukikatika atawaambia mtaa mzima kwamba ametapeliwa.

Kuchuja kwa simu

Usipande gari kwenda kupima kabla ya mazungumzo ya dakika kumi. Mazungumzo yenyewe huenda hivi:

"Sola ya nyumba nzima bei gani?"

"Nyumba zinatofautiana, mama. Umeme ukikatika, ni vitu gani huwezi kukaa bila hivyo?"

"Taa, friji, tivi. Na pampu ya maji."

"Hiyo pampu ina kibati ubavuni. Hebu nisomee namba iliyo karibu na W au HP."

Swali la pampu si la kupoteza muda. HP 1 ni karibu wati 750, na mota ikiwaka huvuta mara 3 hadi 6 ya kiasi hicho kwa muda mfupi. Inveta iliyochaguliwa kwa wati 750 tu itajizima kila pampu ikianza. Ukilijua hilo kwenye simu, makadirio yako ya kwanza hayatakuwa ya uongo.

Ukishapata matumizi, piga hesabu ya haraka. Gawanya uniti (kilowati-saa) za siku kwa saa za jua kali, kisha gawanya tena kwa 0.75, kwa sababu joto, vumbi, nyaya na inveta hula sehemu ya umeme. Nyumba ya uniti 6 kwa siku, mahali penye saa 5 za jua kali, inahitaji kilowati 1.6, yaani paneli 4 za wati 400. Paneli moja ya hivyo inachukua karibu mita 2 za mraba, kwa hiyo paa liwe na mita 10 za mraba zilizo wazi ukihesabu na nafasi za katikati. Ikiwa nusu ya uniti hizo zinatumika usiku, betri ya lithiamu ya uniti 5 inatosha na kubakiza kidogo. Mpe mteja kiwango cha chini na cha juu cha bei palepale. Kumficha bei hadi ufike kwake ni kujitafutia safari za bure.

Kisha mwombe picha tatu: bili ya mwezi wa karibuni, paa lilivyo ukisimama nje, na ubao wa umeme ukiwa umefunguliwa kifuniko cha nje tu. Asiyeweza kutuma picha tatu kwa siku tatu hajafikia hatua ya kununua. Mwekee tarehe ya mbele, endelea na wengine.

Katika picha hizo tafuta vikwazo. Paa la asbesto halitobolewi, kwa sababu vumbi lake lina nyuzi zinazodhuru mapafu. Mbao zilizooza zitatengenezwa kwanza, na gharama hiyo itajwe mapema. Mti au ghorofa la jirani linalotupa kivuli kati ya saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri ni tatizo kubwa kuliko linavyoonekana: paneli zikiungwa mfululizo, kivuli juu ya paneli moja kinaweza kushusha umeme wa safu yote. Mpangaji bila ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba mweleze kwa upole, umpendekezee mfumo mdogo unaohamishika.

Mifumo iliyokufa

Hapa ndipo tungeanzia sisi, na ajabu ni kwamba wengi wanapapita. Popote sola ilipokwishauzwa kwa miaka kadhaa kuna mapaa yenye paneli na nyumba zenye giza. Betri za asidi zinazotumiwa kila siku hadi chaji kuisha huchoka ndani ya miaka michache, ilhali paneli nyingi hupewa dhamana ya kuzalisha umeme kwa miaka 25. Mwenye nyumba huyo ameshaamini sola, ameshalipa, paa lake limeshatobolewa. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia kilichoharibika.

Pita mtaani mchana ukiangalia juu. Paneli zilizojaa vumbi, waya unaoning'inia, jenereta iliyoegeshwa mlangoni chini ya paneli: hizo ni alama nzuri. Piga hodi, jitambulishe, uliza kama mfumo bado unafanya kazi, uombe kuupima bure. Unahitaji malitimita (kipima umeme) na robo saa. Paneli ya mfumo wa volti 12 yenye seli 36 ikiwa juani bila kuunganishwa na kitu inapaswa kusoma karibu volti 20 hadi 22. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa, ikipumzishwa saa kadhaa, husoma karibu 12.7. Ikiwa imechajiwa siku nzima ya jua na bado iko chini ya 12, ama haichajiwi ama imekwisha. Angalia pia vichwa vya betri: ukungu mweupe au wa kijani peke yake unaweza kuzuia chaji, na dawa yake ni brashi na maji ya moto yenye magadi.

Ukikuta tatizo ni dogo kiasi hicho, litengeneze, bandika stika yenye namba yako kwenye ubao, ondoka. Betri ile itakufa siku moja na namba iliyo mbele yake ni yako. Ukikuta betri moja kati ya mbili imekufa, usikubali kuuza moja. Betri ya zamani huivuta mpya chini, na lawama zitakujia wewe.

Tahadhari mbili. Piga picha za mfumo kabla hujagusa chochote na uandike ulichokikuta mbele ya mwenyewe, maana anayeshika mwisho ndiye anayesemwa aliharibu. Na usimseme vibaya fundi aliyetangulia. Pengine ni shemeji wa mwenye nyumba.

Nyumba zinazozunguka kazi yako

Kila kazi unayofunga ina majirani wanaotazama. Siku mbili kabla ya kuanza, pita nyumba kumi za karibu, waambie kutakuwa na kelele za kutoboa na gari la vifaa, waachie namba endapo kuna usumbufu. Ni adabu tu, lakini siku ya kazi watakuja wenyewe kuuliza. Awepo mtu chini mwenye nafasi ya kuwajibu. Fundi aliye juu ya paa asishuke kuhubiri biashara, ataacha boliti bila kukazwa.

Usiombe kuelekezwa wateja siku unayokabidhi kazi. Mteja bado hajaona faida yoyote, anawaza pesa zilizotoka. Mpigie baada ya wiki mbili, akishapitia angalau mkatiko mmoja wa umeme, uulize kwanza kama kuna kinachomsumbua. Kisha uliza swali lenye jina ndani yake: "Ni nani kati ya jamaa zako anayetumia jenereta?" Ukisema "tutafutie wateja" ataitikia na kusahau. Zawadi ya kuelekeza iwe huduma, mfano kusafishiwa paneli na kukaguliwa nyaya, na itolewe yule mpya akishalipa malipo ya awali.

Picha za kazi ziombewe ruhusa na zisionyeshe namba ya nyumba, geti wala mahali betri ilipowekwa. Wezi wa paneli nao wana simu.

Mafundi na wauzaji wengine

Fundi umeme, fundi paa, mchimba visima na muuza vifaa vya ujenzi wanajua nani anajenga au anakarabati kabla yako. Fundi paa ana thamani ya pekee, kwa sababu akikuita kabla bati halijapigwa unaweza kupitisha mabomba ya waya na kuimarisha mbao kwa gharama ndogo. Mchimba visima naye anakukutanisha na mtu mwenye pampu, yaani mtu mwenye mzigo mkubwa wa mchana, ambao ndio sola inaumudu vizuri zaidi.

Kamisheni iandikwe hata kama mnajuana. Kiasi maalumu kwa kila ukubwa wa mfumo ni rahisi kuliko asilimia, na kilipwe siku ileile malipo ya awali yanapoingia. Ukichelewesha mara moja, jina linalofuata litapelekwa kwa mshindani. Ugomvi huzuka mafundi wawili wakidai mteja mmoja. Weka kanuni mapema: aliyetuma jina na namba kwanza kwa ujumbe, kwa ridhaa ya mwenye namba, ndiye mwenye haki, na haki hiyo inaisha baada ya siku 90. Kataza pia fundi kutaja bei. Wapo wanaoongeza cha juu, na mteja akigundua anakuona wewe ndiye mlaghai.

Mtandaoni

Weka biashara kwenye ramani ya Google ikiwa na picha za kazi zako halisi, maana wanaotafuta huko tayari wana sababu. Ukilipia tangazo la Facebook, libane lionekane tu mahali fundi anapofika na kurudi siku moja. Fomu ya jina na simu peke yake huleta wadadisi wengi. Ongeza swali la kiasi cha bili na swali la umiliki wa nyumba. Idadi itashuka, waliobaki watakuwa na maana. Jibu ndani ya saa moja, kwani aliyejaza fomu yako huenda amejaza na za wengine. Orodha za namba zinazouzwa achana nazo: namba hizo zimeuzwa kwa wengi, na nchi nyingi zina sheria kuhusu taarifa binafsi.

Daftari

Jedwali moja linatosha: jina, simu, mtaa, chanzo, uniti kwa siku, umiliki wa paa, sababu, hatua aliyofikia, na tarehe ya kuwasiliana tena. Jina lisilo na tarehe ya mbele limepotea. Baada ya kumpa kotesheni (bei ya kazi kwa maandishi), wasiliana siku ya 2, ya 7 na ya 30, kila mara ukiwa na kitu kipya mkononi, kama jibu la swali lake au picha ya kazi inayofanana na yake. "Umeamuaje?" tupu inachosha.

Kila mwezi linganisha vyanzo kwa mauzo, usilinganishe kwa idadi ya majina. Tuseme tangazo limeleta majina 40, likazaa safari 8 za kupima na mauzo 1, huku mafundi wakileta majina 10, safari 6 na mauzo 3. Tangazo linaonekana kubwa, lakini kila mauzo yake yamekula safari 8 wakati ya mafundi yamekula 2. Jumlisha mafuta na siku za fundi kabla ya kulipia tangazo jingine.

Anayekataa muulize sababu, na akisema bei, mwombe akuonyeshe kotesheni ya upande wa pili. Mara nyingi betri ndiyo inayotofautiana. Betri ya asidi ya 200Ah (ampea-saa 200) na volti 12 inasomeka kubwa, lakini ni uniti 2.4, na ni nusu yake tu inayofaa kutumiwa ikiwa unataka idumu. Kuilinganisha na lithiamu ya uniti 5 ni kulinganisha saa chache za friji ya biashara na usiku mzima. Mwandikie hesabu hiyo upande mmoja wa karatasi, na upande wa pili mwekee mfumo mdogo unaolingana na bei aliyopewa.