Jinsi ya kuomba shahada ya uzamili ya kriminolojia Uingereza ukiwa Tanga

Mwongozo huu ni wa mtu aliye Tanga, mwenye shahada ya kwanza ya sheria, sosholojia, saikolojia, ustawi wa jamii au fani ya jirani, anayetaka kwenda kusoma kriminolojia kwa mwaka mmoja. Unawafaa hasa askari wa polisi na magereza, maofisa ustawi wa jamii, watumishi wa mahakama, na wale walioanzia stashahada ya sheria pale Lushoto kisha wakaenda kuchukua shahada.

Kwanza hakikisha ni kriminolojia unayoitaka. Fani hii haifundishi upelelezi. Inauliza kwa nini watu huvunja sheria, nani huamua kwamba jambo fulani ni kosa, na adhabu inamfanyia nini anayeadhibiwa na jamii yake. Anayetaka kuchambua alama za vidole au vinasaba atafute sayansi ya uchunguzi wa jinai. Anayetaka kubobea katika kesi atafute uzamili wa sheria. Anayeandika "nataka kupambana na wahalifu" amemwonyesha msomaji wa maombi, tangu mstari wa kwanza, kwamba hajasoma hata orodha ya masomo ya kozi anayoiomba.

Pesa kabla ya chuo

Kozi nyingi huanza Septemba, na maandalizi yaanze Septemba ya mwaka unaotangulia. Wengi husubiri kupata chuo ndipo watafute ufadhili, na wanapokipata chuo mwezi wa Machi, ufadhili mkubwa umeshafungwa miezi kadhaa nyuma. Dirisha la Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa kati ya Oktoba na Novemba. Unatakiwa uwe na saa 2,800 za kazi, yaani kama miaka miwili, utaje kozi tatu, na ukubali kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Kozi hizo tatu zinaweza kuwa za vyuo vitatu tofauti, na si lazima uwe umekubaliwa wakati wa kuomba. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola nao una milango yake, na mmoja wao hupitia Wizara ya Elimu, kwa hiyo fuatilia matangazo ya wizara pamoja na tovuti ya wafadhili wenyewe. Ukijaza upande mmoja tu, ombi halijakamilika.

Mtumishi wa umma ana kazi ya ziada: masomo yake yaingie kwenye mpango wa mafunzo wa ofisi, na barua ya ruhusa ipitishwe kwa mwajiri. Barua hiyo hupanda ngazi polepole. Iandike siku ile ile unayoanza kujaza fomu ya ufadhili.

Majina

Tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha kidato cha sita, cha shahada, transkripti na kitambulisho cha NIDA. Soma jina herufi kwa herufi. Kwetu Tanga makosa yanajulikana: Athumani huku, Othman kule, Ramadhani kwenye cheti cha kidato cha nne, Ramadhan kwenye NIDA, Mwanaidi iliyopoteza herufi ya mwisho, jina la babu lililopo kwenye shahada na halipo kwenye cheti cha kuzaliwa. Mtaani kila mtu anajua ni wewe. Ofisa wa viza hajui, wala si kazi yake kukisia.

Tofauti ya herufi moja au mbili mara nyingi hutosha kuelezwa kwa hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya wakili. Ukiwa umebadili jina kabisa, kwa ndoa au kwa hiari, unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Jambo la kuzingatia ni mpangilio: rekebisha NIDA kwanza, ndipo uombe pasipoti, kwa sababu fomu ya pasipoti inategemea namba ya NIDA. Anayeanza na pasipoti huishia kulipia mbili.

Ombi la pasipoti hujazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji. Gharama yake ni shilingi 150,000, na 20,000 kati ya hizo hulipwa mwanzoni kwa ajili ya fomu. Kisha fomu na viambatisho hupelekwa Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa. Karatasi inayowarudisha watu nyumbani mara nyingi ni cheti cha kuzaliwa cha mzazi. Wazazi wengi wa zamani hawakuwa nacho, hivyo andaa hati ya kiapo ya kuzaliwa kwa mzazi kabla hujaenda. Beba pia ushahidi wa safari, kama barua ya chuo au ya ufadhili.

Kuchagua kozi

Cambridge ina Taasisi ya Kriminolojia tangu 1959. Oxford, LSE (chuo cha uchumi na siasa cha London), Edinburgh, Manchester na Leicester nazo zinafundisha fani hii kwa ngazi ya uzamili. Usichague kwa jina la mji. Fungua orodha ya masomo uangalie uzito upo wapi: nadharia, magereza na adhabu, polisi, takwimu, au uhalifu unaovuka mipaka. Shahada ya uzamili ya Uingereza huwa na krediti 180, na kwa kawaida 60 kati yake ni za tasnifu inayoandikwa kati ya Juni na mwanzoni mwa Septemba. Kama chuo hakina mhadhiri hata mmoja anayeandika kuhusu eneo lako, utakosa msimamizi anayelijua jambo lako.

Vyuo hivi huwa na ukurasa wa masharti kwa kila nchi. Itafute Tanzania. Kwa mizani yetu ya 5.0, daraja la pili la juu ni GPA 3.5 hadi 4.3, na hilo ndilo linaloombwa sana. Mwenye 2.7 hadi 3.4 bado ana vyuo vya kuomba, hasa akiwa na miaka kadhaa kazini kwenye polisi, magereza, mahakama au ustawi wa jamii. Oxford, Cambridge na LSE hutoza ada ya kuomba. Vyuo vingi vingine havitozi, kwa hiyo wakala anayekudai pesa "ya chuo" mwambie akuonyeshe mahali ilipoandikwa kwenye tovuti ya chuo.

Maelezo binafsi

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko popote. Chuo kinataka ukurasa mmoja au miwili inayoonyesha swali unalolifikiria, maandalizi uliyonayo, na sababu ya kuchagua kozi yao. Wengi hujaza nusu ya ukurasa kwa kusema uhalifu ni tatizo kubwa duniani. Msomaji analijua hilo.

Mtu wa Tanga ana mali mkononi. Chukua magendo ya pwani: vijiji kama Moa, Kigombe na Kipumbwi, vyombo vinavyoingia usiku, bandari bubu, sukari na mafuta ya kula yasiyolipiwa ushuru. Swali la "magendo yaathirije uchumi" ni la mchumi. Swali la kriminolojia ni hili: mtu anayeheshimika kijijini, asiyeweza kuiba kuku wa jirani, anajielezaje anapopokea mzigo wa magendo? Mwaka 1957 wanasosholojia wa Marekani Sykes na Matza walieleza njia tano ambazo mvunja sheria huzitumia kujiondolea lawama, mojawapo ikiwa kukana kwamba kuna mtu aliyeumia. Unaweza kuuliza kama njia hizo zinatosha kueleza magendo ya mwambao, ambako wengine huona serikali ya mbali ndiyo mgeni na biashara ya majahazi ndiyo ya asili. Au chukua mtazamo wa wanazuoni Cohen na Felson wa 1979, kwamba kosa hutokea pale mhalifu aliye tayari anapokutana na windo bila mlinzi, uupime kwenye wizi wa pikipiki mjini. Swali moja la namna hii, lililoelezwa kwa aya mbili, lina thamani kuliko kurasa za uchungu kuhusu rushwa.

Kisha onyesha data utaipata wapi, na hapa uwe mwangalifu. Usiahidi kuwahoji wafungwa wa Gereza la Maweni. Kuingia gerezani kwa utafiti kunahitaji kibali cha Jeshi la Magereza makao makuu, pamoja na idhini ya kamati ya maadili ya chuo, na miezi mitatu ya tasnifu haitoshi kuvisubiri. Mhadhiri anayejua hali hiyo ataona mpango wako hautekelezeki. Vyanzo vinavyowezekana vipo: hukumu za Mahakama Kuu Kanda ya Tanga zinapatikana bure kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, na Jeshi la Polisi kwa kushirikiana na Ofisi ya Taifa ya Takwimu limekuwa likitoa ripoti za takwimu za uhalifu. Taja vyanzo hivyo, na utaje pia kasoro yake: takwimu za polisi huhesabu kilichoripotiwa tu. Mwombaji anayeiona kasoro hiyo mwenyewe ameshaanza kufikiri kama mwanakriminolojia.

Kama wewe ni askari au karani wa mahakama, usiweke majina wala mambo ya ndani ya kesi zinazoendelea. Unaweza kuvunja kiapo cha kazi, na chuo kitatilia shaka maadili yako ya utafiti.

Wadhamini na Kiingereza

Vyuo vingi huomba wadhamini wawili, angalau mmoja aliyekufundisha. Watumie transkripti, rasimu ya maelezo yako na tarehe ya mwisho, wiki nne kabla. Mfumo wa chuo humtumia mdhamini kiungo moja kwa moja, na kiungo hicho huweza kuangukia kwenye barua taka, basi mpigie simu siku hiyo hiyo aangalie. Toa barua pepe yake ya kazini. Anwani ya kawaida kama ya Gmail huzua maswali na kuchelewesha ombi.

Kwa IELTS, mtihani wa Kiingereza, kozi za sayansi ya jamii huomba 6.5 au 7.0, na kiwango cha chini kwa kila sehemu. Sehemu ya kuandika ndiyo inayohitaji mazoezi ya kweli, kwa sababu mtu anaweza kupata wastani mzuri akaanguka hapo peke yake. Matokeo hudumu miaka miwili. Kabla ya kulipia, kiulize chuo kama kinakubali barua ya chuo chako cha Tanzania inayothibitisha kuwa ulisoma kwa Kiingereza. Vingine hukubali, na chuo kinaruhusiwa kujiridhisha chenyewe kuhusu Kiingereza cha mwanafunzi wa shahada.

Baada ya kukubaliwa

Nafasi yenye masharti siyo nafasi kamili. Timiza masharti, lipa malipo ya awali kama yanadaiwa, ndipo chuo kitoe CAS, ile namba ya uthibitisho ambayo viza haiombwi bila hiyo. Isome yote. Jina, tarehe ya kuzaliwa na vyeti vilivyotajwa humo lazima vifanane na utakavyowasilisha. Ombi la viza linaweza kuwasilishwa kuanzia miezi sita kabla ya kozi kuanza.

Kwa viwango vya kuanzia Aprili 2025, viza ya mwanafunzi ilikuwa pauni 524 na ada ya afya pauni 776 kwa mwaka. Kozi ya miezi 12 hupewa viza inayozidi mwaka, na kipande hicho cha ziada hulipiwa nusu mwaka, hivyo kwa kiwango hicho ada ya afya ilifika pauni 1,164. Anayejilipia huonyesha pia pesa za kujikimu kwa miezi tisa. Mwanzoni mwa 2025 kiwango kilikuwa pauni 1,136 kwa mwezi nje ya London, jumla 10,224, na pauni 1,483 ndani ya London, jumla 13,347. Hiyo ni juu ya ada ya masomo ambayo bado hujailipa. Viwango hupandishwa, kwa hiyo viangalie tena kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza wiki unayoomba.

Pesa hizo zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na taarifa ya benki isiwe na zaidi ya siku 31 unapoomba. Weka akiba juu ya kiwango, maana shilingi ikishuka dhidi ya pauni katikati ya siku hizo, hesabu yako imeharibika. Akaunti iwe yako, au ya mzazi au mlezi wa kisheria, na ya mzazi iambatane na cheti chako cha kuzaliwa na barua ya ridhaa. Akaunti ya mjomba haikubaliki, hata kama ndiye aliyekusomesha tangu darasa la kwanza. Mjomba akuhamishie pesa mapema, ndipo uanze kuhesabu siku 28.

Watanzania wanaokwenda kwa zaidi ya miezi sita hupima kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa, nayo ipo Dar es Salaam. Cheti hudumu miezi sita. Picha ya kifua ikiwa na doa, hata la ugonjwa wa zamani uliopona, hutakiwa makohozi yaoteshwe maabara, na majibu huchukua hadi wiki nane. Kwa hiyo aliyewahi kutibiwa TB apime mapema, asisubiri Agosti. Alama za vidole za viza nazo huchukuliwa Dar, na ukipanga vizuri unaunganisha mambo mawili kwa nauli moja.

Tangu Januari 2024 wanafunzi wa uzamili wa kufundishwa darasani wanaojilipia hawaruhusiwi kuambatana na mwenza wala watoto. Familia ijue hilo kabla hujalipa chochote.

Asiyeweza kuacha kazi au familia aitazame UNISA ya Afrika Kusini, yenye idara ya kriminolojia inayofundisha kwa masafa. Uzamili wao ni wa utafiti, kwa hiyo pendekezo la utafiti hutangulia. Kwa njia yoyote utakayofuata, waulize TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kuhusu chuo hicho kabla ya kulipa ada, kwa sababu TCU ndiyo itakayoitambua shahada yako utakapoirudisha kwa mwajiri.