Umegeuza jaribio, Maven inasema hakuna jipya

"Yaya, nimegeuza jaribio lakini linapita tu."

Aliyesema hivyo ni kijana ninayefanya naye kazi hapa Lubumbashi. Tulikuwa tunaandika programu ya stoo ya unga wa mahindi, na makusudi alikuwa ameandika ndani ya jaribio (msimbo unaokagua programu) kwamba mfuko wa kilo 25 unauzwa faranga 1. Maven, zana inayojenga programu za Java na kuendesha majaribio yake, ikajibu BUILD SUCCESS, yaani yote yamepita. Faranga moja, unga wa bukari (ugali) ya nyumba nzima!

Mchana wote ulituishia hapo, na nusu yake ilikuwa delestaji, umeme umekatwa. Leo ningeanza hivi.

Hatua ya 1: Vunja kwanza

Ndani ya jaribio unalolishuku weka mstari huu, juu kabisa:

`fail("nimefika hapa");`

Endesha `mvn test`. Likianguka, zana yako ni nzima, kosa lako liko kwenye mantiki ya jaribio. Acha kusoma hapa. Likipita, basi msimbo unaoendeshwa si ule unaouona kwenye kihariri, au jaribio haliendeshwi kabisa.

Hatua ya 2: Soma ilichosema zana

Wengi wetu tunaangalia rangi ya mstari wa mwisho tu. Panda juu. Ukikuta Maven imeandika `Nothing to compile - all classes are up to date`, haikukompaili chochote, yaani haikugeuza msimbo wako wa `.java` kuwa `.class` inayoendeshwa. Gradle, zana nyingine ya kazi hiyohiyo, huandika `UP-TO-DATE` au `FROM-CACHE` pembeni ya jina la kazi. Ukitaka ikueleze sababu, ongeza `--info`.

Hapo jiulize zana yako inajuaje kwamba faili limebadilika. Make, zana kongwe ya aina hii, tangu ilipoandikwa Bell Labs mwaka 1976, hutazama saa: chanzo kikiwa kipya kuliko kilichotengenezwa, inatengeneza upya. Maven nayo hutegemea sana saa za faili. Gradle huhesabu alama ya yaliyomo ndani, kwa hiyo saa haiisumbui, ila ina ugonjwa wake, tutaukuta.

Hatua ya 3: Linganisha saa

```
date
ls -l --full-time src/test/java/stoo/BeiTest.java
ls -l --full-time target/test-classes/stoo/BeiTest.class
```

Kwetu sisi, faili la `.java` lilionekana la saa 10:00, na la `.class` la saa 10:30. Maven ikaona chanzo ni cha zamani. Lakini kijana alikuwa amelihifadhi saa 11:00, mimi nikimwona!

Mchawi alikuwa fulashi, ile tunayoiita kle, iliyobeba faili kutoka kompyuta yake hadi yangu. Nchi yetu ina saa mbili: Kinshasa iko UTC+1, sisi huku UTC+2. Kompyuta ya kijana iliwekewa saa ya Kinshasa siku ya kwanza na haikuguswa tena. Yeye saa huitazama kwenye simu. Fulashi yenye FAT32 (mpangilio wake wa kuhifadhi faili) huandika saa kama inavyosomeka ukutani, bila kutaja ni ya ukanda gani. Kompyuta yake iliandika 10:00, yangu ikasoma 10:00 ya Lubumbashi. Saa nzima ikapotea njiani, na kunakili kwa Windows hakukuirekebisha, kwa sababu Windows huhifadhi saa ya mabadiliko ya faili kama ilivyo.

Matokeo ni hayohayo kwa kompyuta ya mezani ambayo betri ndogo ya ubao wake imekufa. Kuranti ikikatika, inaamka na tarehe ya miaka iliyopita, na kila utakachohifadhi kinazaliwa kizee. Make ina onyo la `Clock skew detected`, lakini hulitoa kwa faili lililotoka siku zijazo. Lililorudi nyuma inalinyamazia.

Dawa ya hapo kwa hapo:

`find src/test -name '*.java' -exec touch {} +`

Dawa ya kudumu, kwenye Linux:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi`

Ndiyo, mji wetu una jina lake humo. Na mkibadilishana kazi kwa fulashi, badilishaneni kwa Git, zana inayotunza historia ya msimbo: `git bundle` hufunga historia yote katika faili moja, bila intaneti. Git haibebi saa za faili, hivyo kila inalobadilisha kwako linapata saa ya kompyuta yako.

Hatua ya 4: Je, jaribio linaonekana kabisa?

Hili linatupata sisi tunaoandika majina kwa Kiswahili. Surefire, sehemu ya Maven inayoendesha majaribio, kwa kawaida hutafuta majina yanayoanza na `Test`, au yanayoishia na `Test`, `Tests` au `TestCase`. `JaribioLaBei.java` litakompailiwa vizuri na halitaendeshwa hata siku moja. Ongeza kwenye mpangilio wa Surefire, ndani ya `<includes>`:

```
<include>**/Jaribio*.java</include>
<include>**/*Test.java</include>
```

Mstari wa pili usiuache: ukiandika orodha yako, ile ya kawaida inafutika.

Hatua ya 5: Kwa wa Gradle

Jaribio likisoma `data/bei.csv` nje ya `src/test/resources`, Gradle haijui kwamba faili hilo linahusika. Geuza bei zote, itasema `UP-TO-DATE`. Itangazie:

```
tasks.named('test') {
    inputs.dir('data')
}
```

Hatua ya 6: Kufuta, mwishoni

`mvn clean test`, au `gradle test --rerun-tasks`. Husaidia pia ulipobadilisha jina la jaribio na `.class` la zamani likabaki kwenye `target` likiendelea kuendeshwa kama mzimu. Wengine wanaogopa `clean` itakula megabaiti: maktaba zako ziko `~/.m2`, haziguswi. Mimi siianzi tu kwa sababu inaficha ugonjwa. Kesho fulashi ileile inarudi.

Sasa endesha tena. Ukiona `nimefika hapa` kwa rangi nyekundu, umepona. Ufute mstari ule wa `fail` kabla ya kukomiti. Kijana wangu aliusahau.