Kabla hujachomeka: maandalizi ya kuchunguza pawa saplai ya kompyuta ya zamani

Mwalimu mstaafu aliniletea kompyuta yake juu ya baiskeli, imefungwa kwa mpira wa tairi, kutoka Ng'ambo mpaka kibandani kwangu hapa Tabora. Mashine ya enzi za 286, kizazi cha kompyuta cha miaka ya themanini, boksi la bati, swichi kubwa nyekundu ubavuni. Ilikaa stoo zaidi ya miaka 20. Sijamaliza hata kumwamkia, tayari ameshika waya wa umeme: "Kijana wangu, hebu chomeka kidogo tuone kama bado inawaka."

Nikauchukua ule waya nikauweka kwenye droo. Hiyo "chomeka kidogo tuone" ndiyo inayoua mashine hizi, na wakati mwingine huondoka na mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, iliyokuwa nzima.

Kwanza jua unachokishika. Pawa saplai ya redio ya kizamani ina transfoma nzito ya chuma inayoshusha umeme mwanzoni kabisa. Hii ya kompyuta inachukua volti 230 za ukutani, inazinyoosha kuwa volti 325 hivi za DC, yaani umeme wa mwelekeo mmoja, inazihifadhi kwenye kapasita mbili nene, ndipo transista inaukatakata umeme huo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde ili transfoma ndogo tu iushushe hadi volti 5 na 12. Kwa hiyo upande mmoja wa bodi unaua na mwingine hauna neno. Ukigeuza bodi utaona mpaka wenyewe: njia pana isiyo na shaba, inayopita chini ya transfoma. Utafute kwa macho kabla ya kuutafuta kwa kidole.

Zile kapasita mbili hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Zina rezista za kuimwaga taratibu, lakini rezista ya miaka 30 unaiaminije? Andaa rezista ya kilo-omu 2.2, wati 5 au zaidi, uiunge nyaya zilizovikwa vizuri, uishikize kwenye miguu ya kila kapasita kwa sekunde kumi hivi, kisha upime. Ukiona bado kuna volti za makumi, rudia. Usitumie bisibisi. Najua wengi tunafanya hivyo, na mimi nilifanya, mpaka siku ncha ya bisibisi ilipobaki na shimo kama limeng'atwa na panya. Multimita iwe na waya wenye ngozi nene. Zile za njano za bei rahisi waya wake hupasuka karibu na mpini, na hapo ndipo kidole kinapokaa.

Halafu tazama swichi ndogo nyuma, ile ya 115 na 230. Mashine nyingi za msaada zimekuja toka Marekani zikiwa kwenye 115. Hapo saketi huzidisha volti mara mbili, kwa hiyo ukichomeka kwenye soketi yetu unazipa kapasita mara mbili ya volti zao za kawaida, kupita zinazostahimili. Mlio wake utaukumbuka. Iweke 230 na uibandike gundi.

Fungua, upige brashi. Vumbi la Tabora la mwezi wa Septemba huingia hata kwenye mawazo, na kwa Mwalimu nilikuta pia mjusi mkavu amelala juu ya feni. Nusa: kapasita iliyovuja ina harufu ya samaki wa jana. Angalia zilizovimba kichwani. Kagua hasa ile ya karatasi, rangi ya njano iliyo angavu, pale umeme unapoingilia. Ikiwa na nyufa imeshavuta unyevu, na itatoa moshi mzito hata kama mengine yote ni mazima. Ibadilishe bila kuuliza, kwa kapasita ya aina ileile iliyotengenezwa kwa ajili ya umeme wa ukutani, alama yake X2.

Soma fyuzi pia. Kioo kikiwa cheusi, kuna shoti ngumu: pima daraja la daiodi, zile zinazonyoosha umeme, na transista kubwa kabla ya kuweka nyingine, na usithubutu kupiga jampa, yaani kuweka waya mahali pa fyuzi. Fyuzi ikiwa nzima lakini mashine kimya, mshukiwa wangu wa kwanza ni kapasita ndogo ya kuanzishia, au rezista ya omu nyingi iliyo jirani yake. Vipuri hivyo uwe navyo mezani kabla ya kuanza. Kapasita ziwe za nyuzi joto 105. Tabora huzipati kila duka. Mimi huagiza Kariakoo, zikaja na basi. Za kuchomoa kwenye televisheni mbovu ni kubadilisha mgonjwa kwa mgonjwa.

Mzigo usisahau. Pawa saplai nyingi za aina hii zisipokuwa na kitu cha kulisha hugoma au hutoa volti za ajabu, nawe utadhani mbovu. Chomoa mazabodi, weka taa mbili za breki za bodaboda, volti 12 wati 21: moja kwenye waya wa njano, nyingine kwenye mwekundu wa volti 5. Usizidishe, maana taa baridi huvuta mkondo mkubwa ghafla.

Mwisho tafuta balbu ya waya ya wati 100, kama zile za kulelea vifaranga, uifunge mfululizo kwenye waya mmoja wa umeme. LED haifai. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, kapasita zimejaa na hakuna shoti. Ikibaki kali, zima. Ikipumua, inawaka na kufifia bila kutulia, usiihukumu bado. Huenda balbu ni ndogo kwa mzigo uliouweka. Mkono mmoja uwe mfukoni, na awepo mtu anayejua soketi ya kuzima iko wapi.

Ya Mwalimu ilimulika, ikafifia. Waya mwekundu ulisoma 5.08, wa njano 11.9. Kinachokubalika kwa mwekundu ni kati ya 4.75 na 5.25. Niliiacha nusu saa, nikapima tena, ndipo nikarudisha plagi mbili za mazabodi, nyaya nyeusi zikikutana katikati. Ukizigeuza, umechoma bodi kwa mkono wako.

Mwalimu alitaka aondoke nayo jioni ileile. Nilimwambia feni bado inalia, arudi kesho na mafuta ya cherehani.