Kujenga hazina ya kidijitali ya tasnifu katika maktaba ndogo ya chuo: hatua kwa hatua, kutoka Tanga

Mkutubi mwenzangu, huenda una kabati la tasnifu, kompyuta mbili tatu, skana moja, na uongozi unaotaka chuo kiwe na hazina ya kidijitali, yaani mkusanyo wa kazi zake unaosomwa mtandaoni, kama vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Morogoro. Kwa vifaa hivyo unaweza kuanza. Hizi ni hatua ninazozifuata hapa Tanga, na kila moja nitaipa nafasi kwa kadiri ya ugumu wake.

Kwanza jambo la msingi. Mkoa huu umetafitiwa kwa zaidi ya karne moja. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902. Kituo cha utafiti cha Mlingano kimechunguza mkonge na udongo wake kwa miongo mingi. Silikanti, samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka, alipoanza kunaswa na wavuvi wa pwani yetu, watafiti walimiminika, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Hata hivyo, mwanafunzi wa hapa akitafuta habari za uvuvi wa Kigombe mtandaoni, hupata makala iliyoandikwa ng'ambo kabla ya kupata tasnifu ya dada yake iliyofungiwa kabatini mwa chuo chake mwenyewe. Hilo linaniuma. Na dawa yake kubwa si programu, ni maelezo unayoandika kuhusu kila kazi. Tutafika huko.

Hatua ya 1: Sera

Andika kurasa mbili tu: kazi gani zinapokelewa, nani anaziwasilisha, nani anaziidhinisha, na zikiwekwa hazitolewi kiholela. Sera ipite kwenye baraza la taaluma, ili isibaki ombi la maktaba. Weka humo kipengele kimoja chenye meno: mhitimu asisainiwe fomu ya kumaliza chuo mpaka alete faili la toleo la mwisho lililosahihishwa, pamoja na leseni aliyoitia saini. Ukikosa kipengele hicho, utakimbizana na wahitimu kwa simu miaka yote.

Hatua ya 2: Ruhusa

Tasnifu ni mali ya aliyeiandika. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki hiyo humfuata mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kuwa na nakala kabatini hakukupi ruhusa ya kuiweka mtandaoni. Leseni unayohitaji si ya kipekee: chuo kinaruhusiwa kuhifadhi na kuonesha kazi, mwandishi anabaki huru kuichapisha popote.

Kwa tasnifu za zamani, piga simu. Wengi hufurahi kukumbukwa, lakini swali la kwanza karibu kila mara ni hili: "Sasa watu si wataniibia?" Jibu kwa ukweli. Kazi iliyo wazi, yenye jina na tarehe, ni rahisi kuthibitisha kwamba imeibwa. Iliyofichwa kabatini inaweza kunakiliwa nzima na asijue mtu. Akiomba muda kwa sababu anaandaa makala, mpe zuio la mwaka mmodi au miwili: maelezo na ikisiri vionekane, faili lifungwe. Asiyepatikana, onesha maelezo yake tu.

Makala za walimu ni suala jingine. Mwombe mwalimu toleo lililokubaliwa baada ya kupitiwa na wataalamu, kabla mchapishaji hajalipanga kurasa. Majarida mengi huruhusu hilo, hata yanayokataza faili lao la mwisho. Soma masharti ya kila jarida.

Hatua ya 3: Kuskani

Hewa ya bahari haina huruma na karatasi. Tasnifu zetu nyingi zina ukungu kwenye mgongo, na kurasa za picha zimegandana. Usizivute. Ziweke mahali pakavu penye hewa siku kadhaa, ondoa ukungu kwa brashi laini huku umevaa barakoa, ndipo uanze.

Skani kwa nukta 300 kwa inchi, rangi kwa kurasa za ramani na picha. Faili asilia hifadhi kama TIFF, aina ya faili la picha lisilopoteza ubora, na usiliguse tena. Kutoka hapo tengeneza PDF/A (PDF ya kuhifadhiwa muda mrefu) ya kusomwa, kisha upitishe programu ya kutambua herufi. Tesseract ni ya bure na ina data ya Kiswahili. Ichagulie lugha hiyo pamoja na Kiingereza, maana tasnifu ya Kiingereza ya hapa imejaa majina ya vijiji na nukuu za wazee. Kazi isiyopita hatua hii ni picha tupu, haitafutiki ndani.

Angalia pia uzito wa faili. Google Scholar, injini ya Google ya kutafuta kazi za kitaaluma, inataka faili lisizidi megabaiti 5. Tasnifu iliyoskaniwa huvuka hapo kirahisi, kwa hiyo bana picha ndani ya nakala ya kusomwa.

Hatua ya 4: Viambatisho

Hatua hii hurukwa kwa urahisi, nami naiona ni ya heshima kuliko zote. Fungua kurasa za mwisho za tasnifu yoyote ya utafiti wa vijijini. Utakuta orodha ya waliohojiwa na namba zao za simu, barua ya mtendaji wa kijiji yenye saini na muhuri, picha ya mama na mtoto kliniki, pengine fomu iliyojazwa kwa jina la mgonjwa. Wale watu walizungumza na mwanafunzi mmoja aliyeketi nao barazani, hawakukubali kusomwa na dunia nzima. Isitoshe, tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Ondoa kurasa hizo kwenye nakala ya umma, uzihifadhi kwenye nakala iliyofungwa. Ukilazimika kuficha mstari mmoja tu, tahadhari: kuchora kisanduku cheusi juu ya maandishi hakuyafuti. Msomaji atayachagua kwa kipanya, atanakili, atayapata yote. Tumia kifaa kinachofuta kabisa, kisha ujaribu mwenyewe kunakili ulichoficha.

Hatua ya 5: Maelezo

Hapa kaa. Hapa ndipo hazina inajengwa au inabomoka.

Mfumo wa kawaida wa kupanga maelezo ya kazi ni Dublin Core, wenye vipengele 15 vya msingi: kichwa, mwandishi, mada, tarehe, lugha na kadhalika. Vinaonekana vyepesi mpaka ukutane na majina yetu. Programu inadai jina la ukoo, mkato, jina la kwanza. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Mwaka mmoja mwandishi ameandika Mohamedi, mwaka mwingine Mohammed, kwenye makala Muhammad, na kompyuta inahesabu watu watatu. Kanuni yangu: fuata ukurasa wa jina wa tasnifu, la mwisho liwe mbele, kisha tunza daftari moja la majina ambalo kila anayeingiza data analiangalia kabla ya kuandika. Walimu wajiandikishe ORCID, namba ya kimataifa ya kumtambulisha mtafiti. Ni bure, na namba hiyo haibadiliki hata jina likiandikwa vingine au mtu akiolewa.

Mahali nako kuna mtego. "Tanga" ni jiji au mkoa? Andika ngazi zote: kijiji, wilaya, mkoa. Tena wilaya zimegawanywa. Mkinga imetoka Muheza, Kilindi imetoka Handeni. Tasnifu ya zamani inayotaja kijiji cha Muheza huenda leo inamhusu mtu wa Mkinga, basi weka jina lililoandikwa na jina la sasa, yote mawili, ili mchumi wa halmashauri anayetafuta habari za wilaya yake aipate.

Maneno ya mada yawe ya Kiswahili, ya Kiingereza, na ya kisayansi pale yanapohusika. Tasnifu ya mkonge ibebe mkonge, katani, sisal na Agave sisalana. Na ikisiri iwe kwa lugha zote mbili. Kama mwandishi aliandika ya Kiingereza pekee, mwombe ya Kiswahili siku ileile anapoleta faili. Mvuvi wa Mwarongo aliyetoa saa mbili za kuhojiwa ana haki ya kusoma kilichogunduliwa.

Mtu mmoja aingize, mwingine akague kabla haijatoka. Kazi tano kwa siku zilizoelezwa vizuri zinanitosha.

Hatua ya 6: Programu

DSpace na EPrints ni programu za kuendesha hazina, na zote ni za bure. EPrints ilianza Southampton mwaka 2000, DSpace ilitoka MIT na Hewlett-Packard mwaka 2002. DSpace ndiyo utakayopata wenzako wengi wa kukusaidia hapa nchini. Toleo la 7 na yanayofuata linahitaji Java, PostgreSQL (programu ya hifadhidata), Solr (injini ya kutafuta) na kumbukumbu ya kutosha kwenye seva, kwa hiyo kompyuta ya zamani ya ofisini haitaiweza. Kama umeme wenu unakatika mara kwa mara, kodi seva nje kuliko kuweka yenu chini ya meza.

Jambo moja usiliache: DSpace huja na namba ya majaribio ya viungo vya kudumu, 123456789. Hazina nyingi duniani bado zinaitumia, na viungo hivyo haviwezi kufunguka kupitia Handle, mfumo wa kimataifa wa anwani za kudumu. Sajili namba ya chuo chenu kabla ya kuweka kazi ya kwanza.

Hatua ya 7: Nakala rudufu

Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja iwe nje ya jengo. Kwa DSpace nakili vitu viwili pamoja: hifadhidata na folda la mafaili. Ukiwa na kimoja bila kingine, utabaki na majina bila kazi au kazi bila majina. Kila muhula rudisha nakala hiyo kwenye mashine nyingine na ufungue tasnifu chache. Nakala isiyojaribiwa usiihesabu.

Hatua ya 8: Kuonekana

Washa OAI-PMH, njia ambayo mifumo mingine huitumia kuchukua maelezo ya hazina yako, kisha sajili hazina OpenDOAR (orodha ya hazina za dunia), CORE na BASE (injini za kutafuta kazi za kitaaluma) ili maelezo yako yavunwe. Baada ya wiki kadhaa, chukua kichwa cha tasnifu moja, kiweke ndani ya alama za nukuu, ukitafute Google Scholar. Kisipotokea, kagua kwa mpangilio huu: je, seva inawazuia watambazaji, yaani programu za injini za kutafuta zinazosoma kurasa? Faili limezidi megabaiti 5? Lina maandishi, au ni picha tupu? Kichwa kimeandikwa kwa maandishi makubwa juu ya ukurasa wa kwanza, au kimetanguliwa na barua ya chuo? Rekebisha, subiri, tafuta tena.