Uso unaopooza taratibu: jinsi ya kuusaka uvimbe wa neva ya uso

Anza na kalenda. Kupooza kwa Bell, yaani uso kupooza ghafla upande mmoja bila uvimbe, hufika kilele ndani ya saa 72, kisha nafuu huanza. Uso unaolegea kwa wiki kadhaa, unaochezacheza kope au mdomo, uliopooza tena upande uleule, au ambao baada ya miezi 3 hadi 4 haujajitikisa hata kidogo, huo uutafutie uvimbe. Mara nyingi ni shwanoma, uvimbe wa ala ya neva, ambao si saratani.

Kabla ya picha, papasa tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, na uliza kama mgonjwa aliwahi kukatwa saratani ya ngozi usoni au kichwani. Saratani hizo hutambaa kufuata neva, na tiba yake ni nyingine kabisa. Pima usikivu pia.

MRI ya kawaida ya ubongo, yenye vipande vya milimita 5, huruka uvimbe mdogo. Andika kwenye fomu: vipande vya milimita 1 au chini, kabla na baada ya gadolini (dawa ya mshipani inayong'arisha picha), kutoka shina la ubongo hadi ndani ya tezi ya mate. Neva kung'aa tu hakutoshi, maana hata ya Bell hung'aa, tafuta bonge. CT huonyesha kama mfereji wa mfupa umetanuka.

Ukiona kinyama nyuma ya ngoma ya sikio, usikikate kipande cha kupima (biopsi) kabla ya picha. Huenda ndiyo neva yenyewe.

Tiba hufuata kipimo cha House-Brackmann, cha daraja 1 (uso wa kawaida) hadi 6 (uliopooza kabisa). Daraja 1 au 2: subiri, rudia MRI baada ya miezi 6, kisha kila mwaka. Kuwahi kukata ni hasara, kwa sababu neva ikiondolewa na kuungwa kwa kipande cha neva ya mguuni, matokeo bora ya kutarajia ni daraja 3. Uvimbe unaokandamiza shina la ubongo hausubiri. Wala usingoje uso uliokufa kabisa upitishe mwaka, misuli hunyauka.

Mionzi ya kulenga, kwa kawaida gray (Gy, kipimo cha mionzi) 12 hadi 13 kwa mkupuo mmoja, huwafaa wengine. Uvimbe unaweza kutuna miezi ya mwanzo, kwa hiyo usiharakishe kusema tiba imeshindwa.

Jicho lisilofumba halingoji majibu: matone mchana, malhamu usiku, kope zibandikwe wakati wa kulala.